Rais wa watafiti achaguliwe vipi?

Kuwa fundi wa programu hakumfanyi mtu kuwa kiongozi. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kupewa timu, nikawa narekebisha kazi yao usiku badala ya kuwafundisha. Wawili wakaondoka.

Ndiyo maana hupenda kuangalia jinsi taasisi ndogo za utafiti zinavyochagua rais. Chukua TTIC ya Chicago, Marekani, iliyoanza 2003 na kufundisha sayansi ya tarakilishi hadi shahada ya uzamifu. Mwaka 2013 ilimchukua Sadaoki Furui, bingwa wa mashine zinazotambua usemi. Mwaka 2019 akafuatwa na Matthew Turk, anayejulikana tangu 1991 kwa utafiti wa kutambua nyuso.

Wote wawili walichaguliwa wakiwa watafiti, na hapo nakubaliana nao: mtafiti hamheshimu bosi asiyeielewa kazi yake. Lakini makala peke yake hayatoshi. Rais hutafuta fedha, huvuta maprofesa wazuri, kisha huwaacha wafanye kazi.

Mimi ningemuuliza kila mwombaji swali moja tu: vijana uliowalea wako wapi leo? Anayejibu bila kusita, mpeni kiti.

Je, msomaji, wewe ungemuuliza nini?