Mizani ya Rula Haina Idara

Naandika nikiwa nimeudhika, na ni heri niseme mapema. Tulipoomba makala za toleo hili kuhusu mitaala inayofungamanisha taaluma, nyingi zilizokuja zilianza na jina jipya la somo. Hili liunganishwe na lile, jalada libadilishwe, tatizo limekwisha. Nimezisoma hapa Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, na kila nilipomaliza moja nilijiuliza kama mwandishi wake amewahi kumtafutia mtoto wa darasa la tano vitabu.

Majina tumeyachezea vya kutosha. Somo la Maarifa ya Jamii liliundwa, likavunjwa kuwa Historia, Jiografia na Uraia, likarudi, na katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 limevunjwa tena: Jiografia sasa inatembea na Mazingira, na Historia ya Tanzania imepewa Maadili. Enzi za Waziri wa Elimu Joseph Mungai, Fizikia na Kemia zilifungishwa ndoa. Alipoondoka wizarani, haikuchukua muda talaka ikatoka. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 2000 ameyapitia yote hayo akiwa na ubao uleule, na ukimuuliza ni lini alifundisha tofauti, atakucheka.

Halafu kuna hili neno mtambuka. Zamani nililipenda. Sasa masuala mtambuka ni stoo ya mtaala: UKIMWI, jinsia, rushwa, mazingira, kila kilichokosa mwenyewe kinasukumwa mwisho wa mada, na kinasomwa Ijumaa kipindi cha mwisho, watoto wakisikiliza kengele.

Mimi ningeanzia kwenye mizani.

Msomaji wa Busega, Bariadi au Maswa hahitaji maelezo ya mizani ya rula: mti wa chuma ulioning'inizwa, ndoano ya gunia upande mmoja, jiwe la kusogeza upande wa pili. Ndiyo iliyotupimia pamba miaka yote, hadi juzijuzi Bodi ya Pamba ilipoanza kusukuma mizani ya kidijitali. Mwanafunzi wa sekondari huku kwetu anafundishwa kanuni ya momenti kwa rula ya mita iliyoning'inizwa katikati na vijiwe viwili. Anajibu swali, anapata vema yake, anarudi nyumbani na kumsindikiza baba yake AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, anasimama mbele ya momenti yenyewe yenye kilo hamsini za pamba ya familia, na haijui. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu kilekile.

Hapo Fizikia inaishia, na swali ndiyo kwanza linaanza. Tuseme mizani inakula kilo mbili katika kila hamsini. Mkulima mwenye kilo mia sita amepoteza ishirini na nne, na hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Lakini atajuaje kwamba ameibiwa, na si kwamba mizani imechoka tu? Hili ni swali la takwimu, tena la maana kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Mizani iliyochoka hukosea huku na huku, leo inampendelea mnunuzi, kesho mkulima. Iliyochezewa hukosea upande mmoja, siku zote. Pima gunia moja lenye uzito unaojulikana mara kumi, andika, utaona. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na penseli, na akimaliza atakuwa ameelewa tofauti ya kosa na hila kuliko mihadhara yote ya maadili.

Na atakuwa amefika kwenye historia bila kusukumwa. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, wakiwa wamechoshwa na vipimo vya wanunuzi, walianza kuweka watu wao wa kuhakiki uzito penye vituo vya kununulia. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama, na mwaka 1955 ukapatikana muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Bomani mwenyewe akaishia kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, na ni nani leo anayemweleza mwanafunzi kwa nini babu yake hukunja uso akisikia neno ushirika? Mwalimu wa Historia ana ushirika katika mada ya kudai uhuru, mistari michache. Mwalimu wa Fizikia ana momenti. Mwalimu wa Uraia ana haki za raia, wala hataji stika ya Wakala wa Vipimo. Wote watatu wanakaa ofisi moja ya walimu na wanakunywa chai kwenye birika moja.

Nitaambiwa mizani ya kidijitali imemaliza mjadala. Mimi naona imeuchimbia chini zaidi. Rula ulikuwa unaiona ikiegemea; tarakimu nyekundu unaziamini tu. Ni nani anaisawazisha, lini, na mkulima asiyejua kilicho ndani yake anaweza kubisha kwa hoja gani?

Wapo watakaosema haya ni Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967, imefuliwa tu. Sikatai ukoo huo. Ila tukumbuke ilivyotuharibikia: shamba la shule lililimwa mchana na Biolojia ikasomwa asubuhi, na viwili hivyo havikukutana. Mkosaji ndiye aliyepelekwa kupalilia. Tulimfundisha mtoto kwamba jembe ni adhabu, kisha tukashangaa alipolikimbia. Nina hofu kwamba mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, unaweza kupita njia hiyohiyo, na mwandishi wetu wa Lamadi, ambaye ana matumaini kuliko mimi, amenijibu vizuri kwenye kurasa zake. Msomeni, kisha mniamini mimi.

Vyuo vikuu navyo visijione vimesalimika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, kwa wazo la kishujaa: mwanasheria, mhandisi na daktari wakae chini wabishane juu ya swali moja la umaskini wa nchi yao. Kozi ya namna hiyo ikaenea vyuoni. Wanafunzi ninaozungumza nao leo wananiambia ni madesa ya kudurufu wiki ya mtihani. Kilichobaki ni namba ya kozi, na ubishi umeondoka. Na vyuo hivyohivyo humfunza mwalimu wa sekondari masomo mawili ya kufundishia, basi. Aliyesoma Historia na Kiswahili simlaumu akiiogopa mizani. Hahitaji kuijua fizikia yake; anahitaji kipindi cha pamoja na mwenzake wa Fizikia, dakika themanini mfululizo, na mwalimu wa taaluma asiyedhani kuwa walimu wawili darasani ni mmoja kutega.

Makala ndefu kuliko zote inashangilia tahasusi mpya 49, yaani michanganyo ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita, zilizotangazwa mwaka 2024, zikafanya jumla kuwa 65. Ni nyepesi kusomeka, na nimeiacha ilivyo. Lakini kuweka viti vitatu jirani hakuleti mazungumzo. Anayeandika kutoka Kenya anasimulia jinsi mwalimu wa Biolojia alivyojikuta akifundisha Fizikia ndani ya sayansi iliyounganishwa ya sekondari ya chini. Anayeandika kuhusu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu angestahili toleo zima. Makala ya chaki za Maswa, kuanzia jasi hadi soko, ndiyo fupi na ndiyo bora.

Mmoja tu alinipinga moja kwa moja, akionya kwamba kufungamanisha bila kina ni supu ya maji. Nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Asiyeijua momenti hawezi kumkamata karani anayeichezea mizani. Ndiyo maana sitaki kufuta somo hata moja.

Ninachotaka kubadilisha ni mtihani. Makambi ya kitaaluma yameupa mkoa wetu jina kwenye matokeo. Kambini watoto wanafukua mitihani ya miaka iliyopita, somo kwa somo, karatasi kwa karatasi, kwa sababu ndivyo Baraza la Mitihani linavyotunga. Mizani haina karatasi yake. Mwalimu mwenye akili timamu, mwenye wastani wa kulinda, ataiacha stoo.

Kwa hiyo toleo lijalo sitapokea makala. Nataka swali moja la mtihani, lisilozidi ukurasa, ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu kwa somo moja. Liambatane na mwongozo wa kusahihisha, alama kwa alama, na liwe limejaribiwa kwa darasa lenye watoto halisi. Atakayeleta la mizani ajue mimi nimeshaandika langu, na sehemu ya (c) imenishinda kusahihisha.