Tumchore Mtu Wetu Katika Jua Letu

Kwa muda mrefu uchoraji umehesabiwa katika shule zetu kuwa burudani ya saa zisizo na kazi. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Swali langu ni hili: mwanafunzi wa Kotile, kaunti ya Garissa, atajifunza kumchora mtu wapi?

Naamini atoke nje ya darasa. Akisimama kwenye tambarare ya karibu na mto Tana, ataona jambo ambalo ubao haulifunzi vyema: wachungaji waliosimama, wenye kimo kama chake, vichwa vyao hulingana na upeo wa macho, wawe karibu au mbali, zinazopanda kwenye picha ni nyayo tu. Ataona pia kivuli kikijikusanya miguuni saa sita mchana na kurefuka alasiri. Anayesahau kivuli humwacha mtu wake akielea hewani. Rangi za mafuta zinafaa kwa funzo hili, kwani hukauka polepole, na kosa la asubuhi laweza kufutwa jioni. Aanze na umbo zima. Vidole na mikunjo ya nguo vitafuata.

Njia hii si ngeni kwetu. Sam Ntiro, Mchaga aliyesomea Makerere na kisha Slade, London, aliwachora wanakijiji wa kwao wakiwa kazini. Tunawatambua kwa shughuli zao kuliko kwa nyuso zao. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilipata picha yake ya mafuta ya 1956, ya wanaume wakienda kwa bibi arusi usiku.

Wako wazazi watakaopinga, kwani wanazuoni wengi wa Kiislamu hukataza picha za viumbe wenye roho. Pingamizi hilo si la kubezwa. Wako pia wanazuoni wanaoruhusu umbo lisilo na sura ya uso. Mwalimu aketi na wazazi na mashekhe kabla ya kugawa brashi. Anayekataa achore mto na migunga, wala asipunguziwe alama.

Lakini rangi na turubai ni ghali. Wizara iliyoandika mkondo huu vitabuni haina budi kuupelekea vifaa Kotile; la sivyo, mkondo utabaki jina tu.