Kosa la Wazee, Aibu ya Mtoto

Mwezi wa Agosti 2001, huko Pennsylvania katika Marekani, kijana Danny Almonte alitupa mpira wa besiboli kwa ustadi wa ajabu, katika mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12. Katika mchezo mmoja hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Kisha hati yake ya kweli ikaonekana katika Jamhuri ya Dominika: alizaliwa 1987, wala si 1989, alikuwa na miaka 14. Ushindi wote wa timu yake ukafutwa.

Wako wasemao, “Kijana yule ni mdanganyifu.” Sisi twakataa. Ni mtoto gani ajiandikiaye hati ya kuzaliwa? Walioileta ni wakubwa. Na baba yake, pamoja na mkuu wa timu, wakakatazwa mashindano hayo kabisa. Tena ikajulikana ya kuwa kijana hakupelekwa shule. Basi walimwibia mara mbili, jina jema na elimu. Na watoto wa timu nyingine wakaibiwa haki yao.

Enyi wazazi, sifa ipatikanayo kwa uongo hulipwa na mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.