Mazungumzo ya Nyumbani: Bibi Yu Hoi Kitandani



Mwalimu mmoja wa huku milimani aliniuliza juzi, “Mtoto akija darasani analia kwa sababu bibi yake yu mahututi, nimwambie nini?” Sikumjibu upesi, maana swali lake lilinirudisha nyumbani kwangu.

Mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, alishikwa na kiharusi wakati wa masika. Asubuhi alitoka kwenda kutazama migomba yake. Hata jua lilipopanda tukamkuta ameketi chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume umelegea, na maneno yanamtoka kama ya mtoto asiyejua kusema bado. Nanyi zijueni dalili hizo tatu: uso kupinda, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Zikitokea kwa ghafula, msingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Wala msimnyweshe maji, uji, au dawa ya mizizi, kwa kuwa huenda hawezi kumeza sawasawa, na mnachompa kikaingia mapafuni. Sisi tulikuwa tumekwisha kushika kikombe.

Vijana wakapokezana machela katika utelezi mpaka barabara ya gari, akafikishwa Morogoro mjini.

Asiyekuwa mwenyeji wa Uluguru afahamu jambo hili. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba hufuata ukoo huo. Kwa hiyo bibi mzaa mama si mtu wa kutembelewa wakati wa likizo tu. Yeye ndiye shina. Akiugua, shauri lake si la watoto wake peke yao, kaka zake nao wana neno. Basi waganga wa hospitali walipotuambia kwamba yaliyobaki ni kumtunza vema, na kwamba twaweza kumrudisha nyumbani, mjomba alikasirika sana. “Mnamrudisha afe?” Wengine wakanong’ona habari za ramli, atafutwe aliyemroga. Mimi niliwajibu kwamba Bibi alikuwa na shinikizo la damu miaka mingi, na vidonge vyake alivimeza siku alipojisikia vibaya tu, na sisi tuliona tukanyamaza. Huyo ndiye mchawi wetu. Mjomba hakusema neno, akaenda kukata miti ya kitanda kipya.

Kazi ya kumwuguza ni kubwa kuliko nilivyodhani. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulala. Na midomo yake hulowanishwa kwa kitambaa safi. Mtu mmoja haiwezi. Mke wangu alijaribu wiki nzima, akaanguka kwa uchovu jikoni, ndipo tulipopanga zamu, na wanaume wamo.

Siku alipokuja padre, binti yangu alikimbia nje akipiga kelele, “Bibi anakufa!” Simlaumu, maana wazee wetu waliuita mpako wa mwisho, nao waliogopa kumwita padre mpaka mgonjwa hana fahamu. Lakini Baba Mtakatifu Paulo VI aliutengeneza upya utaratibu wake mwaka 1972, nao ni Mpako wa Wagonjwa: hupewa mtu aliye katika ugonjwa mzito, na huweza kurudiwa. Mwiteni padre mgonjwa angali anajibu.

Na kama mzee wenu ana saratani yenye maumivu makali, msikubali neno la kwamba hana budi kuteseka. Huko Kampala, tangu mwaka 1993, Daktari Anne Merriman na wenzake walionyesha kwamba morfini ya maji, ya kunywa, yaweza kumtuliza mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Waulizeni waganga wenu.

Sasa nirudi kwa mwalimu. Mtoto aambiwe kweli, kwa maneno machache: Bibi ni mgonjwa sana, tunamtunza, na huenda asipone. Asiambiwe kwamba amelala tu, asije akaogopa kulala yeye mwenyewe. Tena apewe kazi ndogo, kama kushika kitambaa, au kumsimulia Bibi habari za shule.

Nayasema haya, lakini mimi mwenyewe sikuyatenda. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alilelewa na Bibi tangu kuachishwa ziwa. Yeye ni wa ukoo wake hasa, kuliko hata watoto wangu mimi. Alikuwa shule ya bweni, mtihani u karibu, nami kwa kuwa ni mjomba wake nikakata shauri asiambiwe. Simu ilipolia nilimjibu kwamba Bibi yuko shambani. Majuma yale Bibi alikuwa bado aweza kulitamka jina lake, akalitamka mara nyingi. Mtihani ulipokwisha akaja na mkoba wake begani, akamkuta hasemi tena.

Akaniuliza, “Mjomba, ulikuwa unanikinga na nini?”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi mbele ya watu wa nyumbani, naye hakunijibu siku ile, wala ya pili yake. Alikwenda kuketi upande wa kushoto wa kitanda, maana mkono ule ungali na nguvu, na ukiushika hukubana. Ninapoandika haya Bibi yu hai bado, na zamu ya usiku huu ni ya mpwa wangu.