Kibao Kwenye Fensi: Siku 14 Ambazo Muuzaji wa Mtandaoni Hafai Kulala

Wauzaji wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya kapsheni na picha za bidhaa. Tuongee kuhusu kibao.

Umeshakiona. Kimetundikwa kwenye fensi ya ploti ya jirani, maandishi madogo, Kiingereza cha ofisini, nambari ndefu ya ardhi, jina la mpangaji miji chini. Watu wanapita. Watoto wanakipiga mawe. Mvua inakinyeshea. Miezi kadhaa baadaye malori yanaanza kuingia, barabara inafungwa, na hapo ndipo kikundi cha WhatsApp cha mtaa kinawaka moto: "Nani aliruhusu hii kitu?"

Jibu linauma: tuliulizwa, hatukujibu.

Msimamo wangu ni huu. Hapa Kenya, muuzaji mdogo wa mtandaoni ana sababu kubwa ya kusoma hivyo vibao na kuandika maoni kwa kaunti, pengine kumshinda hata mwenye duka la barabarani. Na anayeandika ukurasa mmoja ndani ya siku 14 amefanya kazi kubwa kuliko anayelalamika mwaka mzima.

BIASHARA IKO KWA SIMU, LAKINI MZIGO UKO MTAANI

Tumezoea kusema, "Mimi niko online, mambo ya ploti hayanihusu." Wacha tuangalie vizuri.

Chukua mfano wa dada anayeuza viatu kutoka chumba alichokodi. Mteja anamjua kwa ukurasa wake tu. Lakini viatu vimepangwa sakafuni, kwenye nyumba ambayo mtaro wake ukifurika maji yanaingia mlangoni. Bodaboda anayechukua mizigo hupita njia moja tu. Usiku ndio anaenda laivu, kwa sababu wateja wake wanatoka kazini jioni.

Sasa jirani anaomba kugeuza nyumba ya kuishi iwe ghala. Malori yanaziba njia, boda anachelewa, mteja anakasirika na anaandika komenti mbaya kwenye ukurasa. Sehemu ya mbele ya ploti inamwagwa simiti, maji ya mvua yanakosa pa kuzama, viatu vinalowa. Au badala ya ghala ni baa yenye muziki, basi laivu za usiku zimekwisha.

Mwenye duka kubwa akifungiwa njia ataonekana, hata waandishi wa habari watakuja. Wewe hakuna atakayejua kama uliwahi kuwa pale, isipokuwa umeandika.

KIBAO KINASEMA NINI HASA

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kuendeleza ardhi bila idhini ya kaunti. Kuendeleza hapa si kujenga tu. Hata kubadilisha matumizi ya ploti, kwa mfano kutoka makazi kuwa biashara, kunahitaji idhini. Anayeendelea bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwombaji aujulishe umma, na tangazo lake liwaalike wananchi wapeleke pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Kwa kawaida utalikuta gazetini, kwenye kurasa za matangazo madogo, na pia kwenye ploti yenyewe. Ukiona maneno "change of use", hapo jirani yako anataka kubadilisha kazi ya ile ardhi. Matangazo haya kwa kawaida hutoa siku 14 tangu siku yalipotolewa.

Kwa hiyo ukiona kibao, piga picha papo hapo. Chukua mambo manne: nambari ya ploti, ardhi inatoka matumizi gani kwenda yapi, tarehe, na anwani ya kupeleka maoni. Kisha hesabu siku. Kama kibao hakina tarehe, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize ombi limefika wapi, ila usisubiri jibu ndipo uandike. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 21 kukujibu. Ukiwasubiri, siku zako 14 zimeisha.

Miradi mikubwa ina mlango mwingine, ule wa NEMA. Ripoti ya athari kwa mazingira hutangazwa, na wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni. Hiyo ni barua tofauti na ofisi tofauti. Ukiandikia moja, usidhani umeandikia zote.

KIMYA NACHO NI JIBU

Kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Soma tena. Ofisi ikilala, jengo linapita.

Ndiyo maana mimi sikubali hoja ya "tuone kwanza itakuwaje". Anayengoja kuona ameshachagua upande, hata kama hakukusudia. Barua yako inaweka kwenye faili kitu ambacho afisa lazima apambane nacho kabla ya kupiga muhuri.

"LAKINI MIMI NI MPANGAJI TU"

Hii nimeisikia mara nyingi, na ni kisingizio. Sheria inaalika wananchi, haijasema wenye hati ya ardhi peke yao. Mpangaji ni mwananchi. Mwenye kibanda ni mwananchi. Mwenye nyumba wako anaweza kuwa anaishi mbali na hajawahi kuona ile njia ikifurika. Wewe unaiona kila mvua.

Na lugha isikutishe. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kama unaweza kumweleza mteja kwa nini hiki kiatu ni orijino, unaweza kuandika pingamizi.

HASIRA SI HOJA

Sisi wauzaji tunajua komenti ya mteja yenye nguvu ni ipi. Anayeandika "nyinyi ni wezi" tunampuuza. Anayeleta picha, tarehe na skrinshoti ya M-Pesa tunamjibu haraka. Ofisi ya mipango ni vivyo hivyo.

Sheria inamtaka mwamuzi aangalie mipango iliyopitishwa ya eneo, na pia afya, huduma na urahisi wa maisha ya jamii kwa jumla, pamoja na msongamano wa majengo. Basi ongea lugha hiyo: upana wa barabara, mtaro, maji taka, maegesho, kelele, njia ya zimamoto, urefu wa jengo ukilinganisha na yaliyopo.

Hoja zisizobeba uzito ni hizi: "Simpendi huyo jamaa." "Ana pesa sana." Na hii moja tuambiane ukweli: "Ataniharibia soko." Kuogopa mshindani si sababu ya kumnyima mtu kibali. Ukiiweka kwenye barua, utaharibu na zile hoja nzuri.

Kusanya ushahidi mdogo. Pima barabara kwa futi. Hesabu magari kwa siku 3, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Tafuta kwenye simu picha za mafuriko ya mvua iliyopita, tarehe ziko humo humo. Hiyo kazi inaisha kabla ya wikendi.

ANDIKA HIVI

"Kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Kuhusu ombi la kubadilisha matumizi ya ploti nambari (weka nambari), tangazo la tarehe (weka tarehe).

Mimi ni mkazi wa mtaa huu, mita 40 kutoka ploti hiyo. Napinga ombi hili kwa sababu 3.

Moja, barabara ya kuingilia ina upana wa futi 16, malori mawili hayawezi kupishana. Pili, mtaro uliopo hufurika kila mvua kubwa, picha nimeambatanisha. Tatu, ombi halionyeshi malori yatashushia mizigo wapi.

Ikiwa kaunti itaamua kuidhinisha, naomba masharti haya: mizigo ishushwe ndani ya ploti, malori yasiingie kabla ya saa tatu asubuhi, na mwombaji apanue mtaro kabla ya kuanza kazi. Naomba nijulishwe uamuzi kwa maandishi."

Jina, sahihi, simu, tarehe. Basi. Badilisha vipimo viwe vya kwako, na kila unachokiandika kiwe kitu unachoweza kumwonyesha afisa akija.

Angalia ile aya ya masharti. Kaunti inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Wengi wetu tunaandika "tunapinga" na kunyamaza, ombi linapita bila sharti hata moja. Mara nyingi sharti la saa za malori litakuokoa kuliko pingamizi lililokataliwa. Na kama mradi ni mzuri, tuseme soko lenye paa au taa za barabarani, andika pia kuunga mkono. Maoni si kupinga tu.

"NIKIANDIKA, WATANIULIZA MIMI NAFANYA NINI HAPO"

Hofu hii ni ya kweli na siipuuzi. Wengi wetu tunauzia nyumbani, na si kila mtu ana leseni ya biashara ya kaunti. Unaogopa ukiinua kichwa, askari wa kaunti watakuja kwako kwanza.

Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeuliza. Lakini fikiria mambo matatu. Kwanza, unaandika kama mkazi. Maji yanayoingia mlangoni ni shida ya mkazi, huna haja ya kueleza unauza nini. Pili, andikeni pamoja, barua moja yenye sahihi za majirani 12 haimwanikii mtu mmoja juani. Tatu, kama hofu ya leseni ndiyo inayokufunga mdomo, basi ile leseni inakugharimu zaidi ya ada yake. Muuzaji ambaye hawezi kujitetea mtaani kwake atahamishwa na kila anayekuja na pesa.

Na kitu kimoja: usimpe mtu "kitu kidogo" ili akufikishie barua. Peleka mwenyewe nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi skrinshoti. Bila muhuri, kesho utaambiwa hukuwahi kuandika. Na kelele za kwenye kikundi cha WhatsApp hazimo kwenye faili, hata zikifika jumbe 300.

"KAUNTI HAISIKII"

Kuna barua zinazotupwa kwenye droo, sikatai. Ila angalia sheria inavyoendelea. Mwenye maslahi asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi, ile inayoitwa Liaison Committee. Asiporidhika hapo, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukifika huko na barua yenye muhuri, unasimama vizuri zaidi kuliko aliyekuja na hasira tu. Atakayekuuliza "ulipinga lini?" utamwonyesha tarehe.

Mfano mkubwa ni Lamu. Mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulikuwa umepata leseni ya NEMA. Wakazi walikata rufaa, na Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ule ulikuwa mradi wa mabilioni na mlango wake ulikuwa wa NEMA, si wa ghala la mtaani kwako. Lakini hoja iliyouangusha ni ile ile unayoweza kuitumia: watu hawakuulizwa jinsi inavyotakiwa.

FANYA HII WIKI HII

Ukienda kupeleka mzigo, tembea mzunguko mmoja wa mtaa wako ukiangalia fensi. Ukikuta kibao, piga picha na uiweke kwenye kikundi cha majirani pamoja na tarehe ya mwisho, si picha peke yake. Gawaneni kazi: mmoja apime barabara, mmoja atafute picha za mvua, mmoja aandike. Ukikuta ujenzi umeshaanza na hujawahi kuona tangazo lolote, nenda kaulize kaunti kama idhini ipo.

Tunatumia masaa tukibembeleza mteja mmoja wa shilingi 800. Hatuwezi kukosa saa mbili za kulinda njia ambayo wateja wote wanapitishiwa mizigo yao.

Mtaani kwenu kuna kibao sasa hivi? Andika hapo chini kinasema nini na siku ngapi zimebaki, tusaidiane kupanga hoja. Na mtumie hii posti jirani mmoja anayeuza kutoka nyumbani kama wewe.