Dawa ya kompyuta nayo hujaribiwa kwanza

Katika hospitali nyingi za mjini siku hizi faili lako halitafutwi tena kabatini. Karani huandika jina lako kwenye kompyuta, na humo daktari husoma vipimo vyako na dawa ulizopewa. Kompyuta ikizimika, ni wewe utakayekaa kwenye benchi ukisubiri.

Hospitali kubwa hutumia programu ya kugawa kompyuta moja yenye nguvu ili ifanye kazi kama nyingi: moja ya maabara, moja ya duka la dawa, moja ya malipo. Ni kama nyumba ya vyumba vya kupanga. Ukuta ukiwa na ufa, jirani husikia siri za jirani.

Mnamo Januari 2018, ufa wa aina hiyo ulioitwa Spectre ulitangazwa. Ulikuwa ndani ya prosesa zenyewe. Kampuni ya Intel ilitoa kiraka cha kuuziba, nayo VMware, inayotengeneza programu ya kugawa kompyuta, ikakisambaza. Lo! Dawa ikaleta ugonjwa wake. Baadhi ya kompyuta zilianza kujizima na kujiwasha ovyo. VMware ikakiondoa, na tarehe 22 mwezi huo Intel yenyewe ikawashauri wateja waache kukitumia. Kiraka kilitengenezwa upya, na mwezi Machi VMware ikakirudisha.

Je, tuviogope viraka? La hasha! Mei 2017, kirusi WannaCry kilizivamia hospitali za Uingereza kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi. Miadi ya wagonjwa iliyovunjwa ilikadiriwa kuzidi 19,000.

Maoni yangu ni haya. Mgonjwa wa malaria akitokwa na vipele kwa sababu ya dawa, daktari hamwachi na malaria yake, humbadilishia dawa. Hospitali nazo zijaribu kila kiraka kwenye kompyuta isiyohudumia wagonjwa, na zihifadhi nakala ya rekodi zote. Kiraka kikileta madhara, kitolewe, na kile kilichorekebishwa kitiwe mara kinapopatikana.

Nawe, msomaji, andika kwenye karatasi majina ya dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, kisha uiweke pamoja na kitambulisho chako. Siku kompyuta itakapogoma, karatasi hiyo huenda ikaokoa maisha yako.