Mpira Pekee Haumlei Kijana

Imani kwamba michezo ya timu, yaani michezo ambayo mtu hashindi wala hashindwi peke yake, kama vile kandanda, voliboli, netiboli na magongo, humjengea kijana tabia njema, iliingia Meru na Embu, nchini Kenya, pamoja na shule za wamisionari, wakiwamo Wakatoliki wa Konsolata, Wamethodisti wa Kaaga na Waskoti waliofungua kituo cha Chogoria mwaka 1922. Asili yake ni shule za bweni za Uingereza za karne ya 19, ambako uwanja ulihesabiwa kuwa darasa la ujasiri na utii.

Hata hivyo, wazo la kumlea kijana kati ya wenzake halikuwa geni. Kabla ya shule, Wameru walikuwa na gaaru, yaani nyumba kubwa ya vijana waliokwisha kutahiriwa, ambamo wapiganaji wa rika waliishi pamoja na kufundwa nidhamu, na mwoga au mchoyo hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa aibu yake ilikuwa aibu ya nyumba nzima. La kuzingatia ni kwamba gaaru haikuachwa ijiendeshe: ilikuwa na wakubwa wa kuonya, kuadhibu na kuwa mfano. Leo gaaru imekwisha, na kinachoikaribia zaidi ni timu ya shule. Lakini waliorithi nyumba hawakuwarithi walezi wake.

Kwamba mashindano matupu hayamfunzi mtoto utu ni jambo lililodhihirika Marekani mwaka 1954, pale mwanasaikolojia Muzafer Sherif alipowaweka kambini Oklahoma wavulana 22 wa kawaida, wenye umri wa miaka 11 hivi, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa besiboli na kuvuta kamba. Haukupita muda watoto hao walikuwa wakitukanana, wakichomeana bendera na kuvamiana vibandani. Kilichowapatanisha hakikuwa mechi nyingine bali shida zilizowagusa wote, mojawapo ikiwa lori la chakula lililokataa kuwaka, ambalo walilivuta bega kwa bega kwa kamba ileile waliyokuwa wameshindania.

Michezo ya shule za Kenya ina donda lake, nalo ni mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi halali, au aliyepita umri, anayeingizwa kwa karatasi za uongo ili kombe lipatikane. Mwalimu mkuu anayelifumbia macho jambo hilo hudhani amevunja kanuni moja ya mashindano, kumbe amefundisha somo ambalo timu nzima haitalisahau: kwamba udanganyifu ukiletwa na wakubwa, tena kwa faida ya wote, huitwa werevu. Na katika benchi ameketi mwanafunzi halali, aliyefanya mazoezi muhula mzima katika uwanja wa mteremko huko Siakago au Nkubu, ambaye nafasi yake imepewa mgeni. Je, huyo amejengwa tabia gani? Amefunzwa kwamba jasho halilipi, na atalibeba funzo hilo hadi ofisini na kwenye kura.

Mfano wa kinyume upo nchini humuhumu. Mathare, jijini Nairobi, shirika la michezo ya vijana la MYSA, lililoanzishwa mwaka 1987, liliweka sharti kwamba timu zisafishe mitaa yao, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa alama katika ligi pamoja na alama za ushindi. Hapo tabia haikungojwa ichipuke yenyewe kutokana na mpira. Iliwekwa ndani ya kanuni, ikahesabiwa, ikasimamiwa.

Meru na Embu zina haja kubwa ya usimamizi wa namna hiyo, kwa sababu saa kumi jioni, kengele ya mwisho inapolia, kijana wa Maua huitwa na biashara ya miraa na yule wa Mbeere huitwa na muguka. Mazao hayo yamelipa karo za wengi na hayastahili matusi, lakini mtoto wa shule hapaswi kulelewa na kijiwe cha watafunaji. Viwanja vikubwa vimekwisha kupewa heshima, kwani uwanja wa Kinoru, Meru, uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2018 na ule wa Embu mwaka 2023. Ila malezi hufanyika katika viwanja vidogo visivyo na jukwaa, na huko ndiko kunakohitajika mtu mzima mwadilifu mwenye filimbi.

Basi walimu wakuu na wasome orodha ya wachezaji hadharani, mbele ya wazazi, kabla ya mechi ya kwanza ya kila muhula. Na mzazi anayejua kwamba mmoja wao si wa shule ile na asimame aseme, hata kama mabao ya mchezaji huyo ndiyo yatakayoifikisha timu Kinoru.